King'ora kijaribiwe mashine zikinguruma

Kuna desturi ya viwandani ambayo mpaka leo sijaielewa. King'ora cha dharura hujaribiwa siku ambayo uzalishaji umesimama, eti kazi isivurugwe. Fundi anabonyeza kitufe, mlio unajaa ukumbi mzima, afisa usalama anatia tiki kwenye fomu, yamekwisha. Kesho yake kompresa zinawashwa, misumeno ya chuma inaanza kupiga kelele, watu wanavaa vikinga masikio. Aliyeinama juu ya grinda hasikii chochote, ila fomu inasema king'ora ni kizima.

Kwangu mimi, king'ora ambacho hakijawahi kusikika mashine zote zikiwa kazini na masikio yakiwa yamezibwa, kihesabiwe kwamba hakipo.

Wengi wakiambiwa hivyo hukimbilia kuongeza sauti. Hapo hesabu inakataa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7731 kinataka mlio wa hatari uzidi kelele za mahali hapo kwa desibeli 15 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Ukumbi wenye kelele za desibeli 80 unahitaji mlio wa 95, nao unapatikana bila taabu. Ukumbi wenye desibeli 100 unahitaji 115, tena pale aliposimama mfanyakazi, si pale ukutani king'ora kilipofungwa. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hushuka kama desibeli 6, kwa hiyo king'ora chenyewe kingepaswa kulia kwa nguvu ya kuumiza masikio ya aliye karibu nacho. Kanuni ya Marekani ya ving'ora vya moto, NFPA 72, inaweka ukomo wa desibeli 110, na kelele za mahali zikizidi 105 inalazimisha ziwekwe taa. Maana yake hata walioandika kanuni walikubali kwamba kuna mahali sauti peke yake haifui dafu.

Halafu kuna suala la wembamba wa sauti, ambalo naona linapuuzwa kuliko yote. Vile ving'ora vidogo vya bei nafuu hutoa mlio mwembamba, mara nyingi karibu na hezi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde; hezi zikizidi, sauti huwa nyembamba zaidi. Dukani unachoma sikio kabisa. Lakini sikio lililoharibiwa na kelele za kazini huanza kupoteza sauti za hapo juu, hasa kuzunguka hezi 4,000, na vikinga masikio navyo huzuia sauti nyembamba zaidi ya nzito. Mzee wa karakana, aliyekaa na mashine miaka yote, ndiye atakayekuwa wa mwisho kujua kwamba watu wameshatoka. ISO 7731 imeliona hilo: inataka mlio uwe kati ya hezi 500 na 2,500, na penye watu waliovaa vikinga au wenye usikivu hafifu, nguvu ya kutosha iwe chini ya hezi 1,500. Ila nako huko chini ndiko feni na kompresa zinakonguruma, kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kelele za ukumbi zipimwe zikiwa zimechambuliwa kwa masafa yake, yaani hezi zake, mlio uchaguliwe pale zilipo hafifu.

Mpangilio wa mlio nao una kazi yake. ISO 8201, kiwango cha mlio wa kuwaambia watu watoke jengoni, inataja milio mitatu ya nusu sekunde, kisha kimya cha sekunde moja na nusu, halafu inarudia. Mtu akiuzoea huo hawezi kuuchanganya na foklifti inayorudi nyuma.

Taa za kumweka ni msaada mkubwa, lakini nyingi hufungwa darini, wakati macho ya watu yako mezani. Mwanga uangukie kwenye kazi yenyewe. Zikiwa kadhaa ziwake pamoja kwa mpigo mmoja, maana zikimweka ovyo zinaweza kumwangusha mwenye kifafa. Na mchomeleaji aliyefunikwa na kioo cheusi hataona taa yoyote. Huyo apewe kifaa cha kutetemeka mwilini, au mwenzake apangiwe rasmi kumgusa bega.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kunyamazisha kelele yenyewe. Paneli ya moto, kile kisanduku kinachopokea taarifa ya moto na kuwasha ving'ora, ikiamka, itume amri ya kuzima mikanda, misumeno, kompresa. Ukumbi unaonguruma kutwa ukinyamaza ghafla, kila mtu huinua kichwa, hata aliyevaa vikinga, halafu king'ora cha kawaida kinatosha. Najua si kila kitu cha kukatiwa umeme hivihivi: tanuri, pampu za kupoza, winchi yenye mzigo hewani. Orodha hiyo waiandike wanaoendesha mitambo, si fundi wa kengele peke yake. Lakini redio na spika za muziki hazina utetezi wowote, na ndizo ambazo hakuna anayekumbuka kuziunganisha.

Mameneja watalalamika kwamba majaribio ya namna hii yanakula muda wa uzalishaji. Ni kweli yanakula. Ila tabia ya kuona king'ora kama usumbufu wa kazi ina historia mbaya: katika kiwanda cha nguo cha Tazreen, Bangladesh, Novemba 2012, kengele ililia na wafanyakazi wakaambiwa warudi kwenye cherehani zao. Waliokufa walizidi 110.

Basi mkishajaribu, msiishie kumuuliza aliye karibu na paneli. Mpiteni mtu mmoja mmoja kabla hawajaanza kusimuliana: umesikia, umeona, au umefuata tu wenzako? Wanaojibu la tatu waandikwe na mahali walipokuwa wamesimama. Anzeni na yule wa chumba cha kupulizia rangi, kisha aliyekuwa chooni, kisha fundi aliyekuwa juu ya paa.