Mzazi aliyechagua mtaa hajaipuuza shule

Familia ikipata uhamisho, ushauri unaomiminika ni ule ule: tafuta shule nzuri kwanza, nyumba itajipa. Mzazi anayefanya kinyume, anayepanga nyumba karibu na kazi au karibu na ndugu kisha akamwandikisha mtoto shule ya hapo hapo mtaani, huonekana kama mtu aliyeona uvivu kutafuta. Nimesikia wazazi wa namna hiyo wakijieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba wamekutwa na kosa. Sioni kosa lao, ingawa wanaowalaumu wana hoja ambazo si haki kuzipita juu juu.

Shule hazilingani, na hilo halina ubishi. Kuna shule ambayo mwalimu wa hesabu ameondoka na nafasi yake ikakaa wazi muhula mzima, watoto wamebanana darasani hadi wa nyuma hasikii, maktaba ina kufuli. Mtoto akipitisha miaka mitatu humo, pengo lake halizibwi na mapenzi ya nyumbani. Anayejibana kulipa kodi kubwa ili awe karibu na shule yenye walimu kamili hatupi fedha zake. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alichapisha utafiti kuhusu nyumba za vitongoji vya Massachusetts, Marekani, zilizo pande mbili za mpaka unaoamua mtoto asome shule gani. Majirani wale wale, barabara zile zile, tofauti ni shule. Alikuta kwamba alama za mtihani zikizidi kwa asilimia 5, wazazi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Ni watu waliopiga hesabu zao. Zaidi ya hapo, mtoto akizungukwa na wenzake wanaopenda kusoma, naye huvutwa, na urafiki wa shuleni humfungulia mtu milango akiwa mkubwa.

Tatizo liko kwenye kipimo. Kwa wengi wetu shule nzuri ni ile yenye wastani wa juu kwenye mtihani wa mwisho. Wastani huo unatuambia zaidi ni watoto gani walioingia kuliko wameongezewa nini. Shule inayochuja langoni kwa mtihani wa kujiunga, kisha ikawakaririsha darasa wanaosuasua au kuwashauri wazazi wao wawahamishe kabla ya mwaka wa mtihani, itaongoza kila mwaka hata kama ufundishaji wake ni wa kawaida tu. Ndiyo maana mwaka 2016 England ilianzisha kipimo cha shule za sekondari kinachoangalia hatua ambazo wanafunzi wamepiga tangu walipomaliza msingi, siyo alama za mwisho peke yake.

Swali la mzazi basi ni hili: mtoto wangu, huyu huyu nilivyomlea, angefika wapi akisoma kule badala ya hapa? Watafiti wamepata njia ya kulikaribia. Shule zenye sifa huwa na alama ya kukata: aliyepata juu yake anaingia, aliyekosa kidogo anabaki nje. Chukua watoto wawili waliopishana alama moja. Pengine mmoja alikosea kujumlisha, mwingine akabahatisha jibu. Kwa akili na bidii hawana tofauti, ila mmoja ameingia na mwenzake ameachwa. Atila Abdulkadiroğlu, Joshua Angrist na Parag Pathak waliwafuatilia watoto kama hao katika shule za kuingia kwa mtihani za Boston na New York. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2014, yalionyesha kwamba walioingia kwa tundu la sindano hawakuwazidi kwa kiasi cha maana wale walioachwa nje. Mwaka huo huo Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walitoa utafiti wa aina hiyo kuhusu shule za sekondari za kitaifa nchini Kenya, zenye vifaa vingi zaidi na wanafunzi waliofaulu sana. Nao hawakuona ongezeko la maana kwenye alama za mtihani wa mwisho.

Matokeo hayo yamekuwa yakinirudia kichwani. Hayasemi kwamba shule zote ni sawa, wala kwamba yule wa darasa lisilo na mwalimu hajapoteza kitu. Yanawahusu watoto waliokuwa ukingoni, wenye uwezo tayari, na walioachwa nje hawakwenda kukaa bure. Walisoma shule nyingine zinazofundisha. Lakini mzazi anayehama mara nyingi yuko hapo hapo: mkononi ana shule ya kawaida yenye walimu na shule yenye jina, na anaambiwa kwamba pengo kati ya hizo mbili ndilo maisha ya mwanawe.

Jina hilo lina malipo yasiyoandikwa kwenye karatasi ya ada. Nakumbuka mtoto wa majirani tuliopakana nao ukuta, wa miaka minane hivi. Basi la shule lilimchukua kukiwa bado giza. Mama yake alikuwa akimfunga kamba za viatu huku mtoto amelala ameketi, mkoba tayari mgongoni, kichwa kimeegemea bega la mama. Jioni basi lilipomrudisha, wenzake wa mtaani walikuwa wameshamaliza mpira wao na kutawanyika. Alisimama getini akiuliza nani kashinda. Jumamosi akitoka kucheza, watoto walimwita "yule wa basi", kwa sababu jina lake walikuwa hawalijui.

Fanya hesabu. Saa moja kwenda na saa moja kurudi, kwa mwaka wa shule wenye siku 190, ni saa 380, yaani karibu siku 16 nzima, mchana na usiku, mtoto yuko garini. Kwa miaka saba ni saa 2,660. Halafu kuna usingizi. Wataalamu wa American Academy of Sleep Medicine, chama cha Marekani cha tiba ya usingizi, walipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri inabidi awe amelala saa moja na nusu usiku, na hapo tumempa kile cha chini kabisa. Basi linaingia saa kumi na mbili jioni, kuna kuoga, kula na kazi za nyumbani. Saa moja na nusu haiwezekani, kila mzazi wa mtoto wa namna hiyo anajua. Anacholipia ni darasa zuri, na mtoto anafika darasani humo akisinzia.

Mtaa wenyewe, kwa upande mwingine, unafundisha. Ushahidi mzito zaidi ninaoujua unatoka Marekani pia. Kuanzia 1994 hadi 1998 serikali iliendesha jaribio lililoitwa Moving to Opportunity huko Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia takriban 4,600 zilizokaa katika nyumba za umma, zile za kupangisha wenye kipato kidogo, ziliingizwa kwenye bahati nasibu, na baadhi zikapewa vocha za kusaidia kulipa kodi katika mitaa yenye umaskini mdogo. Shule walizohamia watoto wengi zilikuwa bora kidogo tu kuliko za mwanzo. Kilichobadilika hasa ni mazingira yanayomzunguka mtoto akitoka shuleni. Kwa miaka mingi matokeo kwenye mitihani yalikatisha tamaa. Kisha Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz wakawafuata watoto hao hadi utu uzima, na mwaka 2016 wakachapisha walichokuta: waliohama kwa vocha hizo kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na kipato kilichozidi kwa asilimia 31, wakiwa katikati ya miaka ya ishirini, cha wenzao ambao hawakupewa vocha. Tofauti hiyo mitihani ilikuwa haijaionyesha.

Waliohama wakiwa na miaka 13 na kuendelea hawakufaidika. Kama kuna badiliko, lilielekea kuwa hasara ndogo. Utafiti wa Denmark ulioongozwa na Roger Webb, uliochapishwa pia 2016 na kufuatilia watu takriban milioni 1.5, uliona kwamba kuhama utotoni kunaambatana na madhara ukubwani, yakiwemo kufanya makosa ya ukatili na kujaribu kujiua, hasa pale kuhama kunapotokea katika miaka ya mwanzo ya ujana, na katika familia zenye kipato cha kila ngazi. Kuambatana si kusababisha, kwa kuwa familia nyingine huhama kwa sababu tayari kuna misukosuko nyumbani. Hata hivyo umri unastahili kuwekwa mezani kabla ya orodha ya shule.

Kwa hiyo mzazi akiniambia amechagua mtaa, namuuliza kama alifika pale saa ya watoto kutoka shule, na tena usiku. Namuuliza kama aliomba kuona daftari la mwanafunzi wa kawaida, siyo la yule wa kwanza. Daftari husema mengi. Kuna lenye alama za vyema mstari kwa mstari hadi mwisho, hata palipokosewa. Na kuna lile ambalo mwalimu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "hapa umesahau kubeba moja", na hesabu ya chini yake mtoto ameirudia akapata. Nikikuta daftari la pili katika shule ya kutembea kwa miguu dakika kumi, mimi ningeishia hapo na kutafuta nyumba.

Kesi inayonishinda ni ya nyumba yenye watoto wawili, mdogo wa miaka saba na mkubwa wa miaka 15 aliyebakiza mwaka mmoja wa mtihani. Kinachomfaa mmoja kinaweza kumvunja mwingine. Baadhi ya familia humwacha mkubwa kwa shangazi au babu hadi amalize, na utengano huo una machungu yake. Ningeanza kwa kumsikiliza huyo mkubwa. Mdogo bado ana miaka ya kuzoea, ila mkubwa ana mihula michache tu, na mara nyingi jibu lake analo tayari, ila hajaulizwa.