Benchi la Anko na Ubishi wa Kurudi Nyuma

Katika Tekken 7, gemu ya video ya kupigana watu wawili, kuna njia mbili za heshima za kuiepa ngumi bila kuikinga, na mimi na binamu yangu tumegawanyika juu yake kama watu wanavyogawanyika juu ya Simba na Yanga. Mimi ni wa kurudi nyuma, yeye ni wa kwenda ubavuni. Ubishi huo ulikuwa wa maneno matupu hadi jioni moja, katika banda la gemu la Anko huko Ngamiani, Tanga, ambapo ulipimwa kwa vitendo, mbele ya mashahidi, na kwa hasara ya vyombo vya mtu asiyehusika.

Kurudi nyuma ninakokusudia si kule kwa mtu aliyeogopa. Ukibonyeza nyuma mara mbili upesi, mpiganaji wako hujitupa hatua moja nyuma, kisha huwa na kitambo kidogo ambacho hawezi kujitupa tena. Wachezaji wa Korea Kusini ndio walioupa umaarufu ujanja wa kukikata kitambo hicho: kabla hakijaisha, kidole gumba huteleza hadi kwenye pembe ya chini na nyuma, kana kwamba unataka kuchutama, kisha hurejea nyuma, na gemu, ikiamini kwamba sasa umeanza jambo jipya, hukuruhusu kujitupa tena. Mlolongo huo ukirudiwa bila kukosea, Kazuya, mpiganaji ninayemtumia, huteleza kinyumenyume bila kupumzika, ngumi ya mpinzani hupita hewani mbele ya kidevu chake, na mpinzani hubaki wazi akisubiri adhabu. Izingatiwe kwamba gemu hii huonyesha picha 60 kwa sekunde na kwamba ngumi za haraka kabisa hufika ndani ya picha 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde, kwa hiyo anayetaka kuiona ngumi ndipo aihame anajidanganya. Mimi sisubiri kuiona. Nakuwa nimeshaondoka.

Binamu hukubali yote hayo, kisha huuliza swali moja la kuudhi: na ukuta? Kuta zimekuwamo katika mfululizo huu tangu Tekken 4, na ukiacha viwanja vichache visivyo na mwisho, kila anayerudi nyuma ana siku yake ya kufika. Yeye hutumia Lili, jina lake kamili Emilie De Rochefort, binti wa tajiri wa mafuta wa Monaco, ambaye huingia vitani kwa gauni jeupe. Binamu anapakua mizigo bandarini na mabega yake huujaza mlango, kwa hiyo sijawahi kumsikia mtu akimtania kwa chaguo hilo. Lili ana mojawapo ya hatua za ubavuni zilizo bora kabisa katika gemu. Kwa mguso mmoja wa juu au chini, yeye husogea kando, pigo la moja kwa moja humpita, naye tayari amesimama ubavuni mwako. Udhaifu wake ni yale mapigo yanayozunguka na kumfuata mtu kando, na mimi humkumbusha binamu jambo hilo kila ninapopata nafasi.

Hata Arslan Ash tulimgombania. Huyo ni kijana wa Lahore, Pakistani, ambaye mwaka 2019 alishinda mashindano ya gemu za kupigana ya EVO, ya Japani na yale makuu ya Las Vegas, na ustadi wake wa kujilinda uliwashangaza hata Wakorea wenyewe. Nilisema ni wa upande wangu. Binamu alisema ni wa upande wake. Anko, ambaye hulipwa kwa mechi na si kwa hoja, akatuambia, "Wanangu, chezeni au piteni."

Tukaketi, dau likiwa sahani ya wali kwa samaki. Benchi la Anko lina miguu minne, lakini hukanyagia mitatu. Vijana wawili walikuwa wameketi upande wa binamu, nami nilikuwa ukingoni. Nyuma yetu, pale ukuta wa mabati ulipokuwa umeondolewa ili hewa ipite, mama ntilie wa jirani alikuwa ameweka beseni lake kubwa la kusuuzia vyombo.

Lazima nieleze kwamba mchezaji makini hachezi kwa vidole peke yake. Kazuya akirudi nyuma, mgongo wangu nao hurudi kidogo, na Lili akienda ubavuni, mabega ya binamu huenda naye. Katika raundi ya mwisho, uhai wa kila mmoja ukiwa umebaki kidogo, nilianza Kikorea changu cha kurudi nyuma kwa ufasaha ambao sikuwahi kuufikia, na wakati huohuo binamu akaegemea kushoto kwa nguvu zake zote za bandarini. Benchi lilipokea amri mbili zisizopatana. Likaitii yangu.

Nilikwenda nyuma mlolongo mzima, bila kukatwa, hadi ndani ya beseni. Pedi ya kuchezea gemu niliiokoa kwa kuinyoosha juu ya kichwa, kwa kuwa sheria ya Anko ni kwamba pedi ikilowa umeinunua. Binamu, ambaye mwili wake ulikuwa tayari unaelekea kando, alimwangukia kijana wa jirani na kubaki mkavu kabisa, huku pedi yake ikiwa chini ya paja lake.

Sasa, katika Tekken mpiganaji asiyebonyezwa kitu hujikinga mwenyewe akiwa amesimama. Kazuya akasimama kimya. Lili, kwa amri ya paja, akawa anaupiga teke upepo mbali naye, tena na tena. Mimi nikiwa nimeketi majini nilipiga kelele kwamba nimekwepa kila pigo. Binamu naye, akiwa juu ya yule kijana aliyekuwa akiomba hewa, alijibu, "Kaka, tazama nani kalowa!" Saa ya raundi ikaisha. Kazuya alikuwa na uhai mwingi zaidi kwa upana wa ukucha, na kwa sheria ya gemu ushindi ukawa wangu.

Mama ntilie hakuwa na habari na sheria hiyo. Alitazama sahani mbili zilizovunjika, akanitazama mimi, akanipa sabuni na sufi ya chuma. "Umeshaingia, mwanangu," alisema, "basi maliza na masufuria." Fedha ya wali iliyokuwa dau langu halali ililipia sahani zake, na binamu akaitoa kwa furaha ambayo sikuona sababu yake.

Kesho yake Anko aliyarudisha mabati na kulipigilia benchi misumari kwenye nguzo, huku likiugusa ukuta huo. Sasa kila ninapoanza Kikorea, kisogo changu hugonga bati kabla Kazuya hajafika hata katikati ya uwanja wake, na binamu, bila kuiacha skrini kwa macho, huniuliza kwa upole kama nimefika.