Mimi, Ramani na Pasi

Zamani shujaa alipambana na simba. Shujaa wa siku hizi anapanda ndege, anafunga mkanda, anakodolea macho kiti cha mbele mpaka afike. Hana simu, hana filamu, hana muziki, hana kitabu, na wengine hata maji hawagusi. Mwaka 2024 mchezo huu ulizagaa TikTok, na mwezi Agosti Erling Haaland, yule mfungaji mabao wa Manchester City, naye akajigamba: saa saba angani bila simu, usingizi, maji wala chakula, ni ramani tu ya safari kwenye skrini ya kiti cha mbele. Akasema ni rahisi.

Rahisi! Mtu ambaye kazi yake ni kusukumana na mabeki dakika tisini, ukimkalisha saa saba umempa likizo. Lakini nani wa kunishauri mimi? Nikazima simu, nikaitia kwenye begi, begi nikalisukumiza kabati la juu. Nikakaa tuli kama maji mtungini.

Dakika ishirini tu baada ya kuruka, wazo likaja polepole kama mdai anayebisha hodi. Hivi pasi niliizima?

Mwenye simu wazo kama hilo analizamisha kwa video ya paka. Mimi sina paka, nina ramani. Na ramani yenyewe wamechora kindege kikubwa kuliko nchi iliyo chini yake! Wanasema tunakwenda kilomita 900 kwa saa, lakini kindege kimeganda palepale kama kimekatazwa na daktari. Kimo mita 11,000. Nje nyuzi 52 chini ya sifuri. Nikawaza, huko nje ndiko pasi yangu ilikofaa kuwa.

Nikageukia dirisha kutafuta faraja, nikaona katundu. Katundu! Kwenye dirisha la ndege, chini kabisa, kadogo kama kichwa cha pini, na pembeni yake barafu. Nikabonyeza kengele kwa kidole ambacho hakikuwa changu tena. Mhudumu akaja, nikamwonyesha kwa siri, abiria wengine wasije wakapigana vikumbo bure.

“Baba, hako kametobolewa makusudi,” akasema, na meno yote nje. Kumbe dirisha lina matabaka, na tundu liko kwenye lile la kati. Linasawazisha hewa ili msukumo wote ubebwe na tabaka la nje, tena linapunguza ukungu. Nikamshukuru, nikarudi kwenye pasi.

Jirani yangu alikuwa anatazama filamu. Mimi sikutazama. Macho yalikuwa yanapita tu njia, mara arobaini hivi.

Maji nilikunywa, Haaland atanisamehe. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20, na mimi midomo yangu bado naihitaji. Kuganda kitini nako ni kujitafutia balaa, maana safari ikizidi saa nne hatari ya damu kuganda miguuni inapanda. Kwa hiyo nilikwenda chooni mara sita, kwa ajili ya afya. Kule mlangoni pana kisahani cha majivu ya sigara, na hapohapo alama ya kukataza sigara. Kimewekwa kwa kanuni, ili yule mjinga atakayewasha licha ya katazo apate pa kuizimia badala ya kuitupa kwenye karatasi. Nilisimama pale kwa muda mrefu kidogo. Watu wazima wamekaa kikao, wakampangia hata mjinga wasiyemjua. Mimi pasi moja tu, ya kwangu mwenyewe!

Tulipotua na kuruhusiwa kuwasha simu, nilikuwa wa kwanza.

“Mama watoto, pasi! Kimbia ukaangalie pasi!”

“Pasi ipi tena?”

“Niliyopigia shati asubuhi!”

Kimya. Nikajua nyumba imekwenda.

“Baba watoto,” akasema taratibu, “hebu liangalie hilo shati.”

Nikainamisha kichwa. Saa saba nzima sikuwa nimelitazama. Mabegani alama za vibanio vya kamba ya nguo zilikuwa bado zimesimama wima, kama masikio.