Hela ya kengele mpya ipo, hela ya grisi hamna

Ngoja niseme kitu nilichokimeza kwenye kikao cha kanisa kuhusu kengele yetu maana pale ningeonekana mchochezi. Watu wako tayari kabisa kuchangia kengele mpya. Kengele mpya ina sherehe, ina askofu na maji ya baraka, na tamu zaidi ni kwamba unaweza kuandikwa jina lako pembeni, herufi za kunyanyuka, zikasomeka hata baada ya miaka mia tatu. Ila simama useme jamani tunaomba mchango wa beringi, kamba na grisi, uone watu wanavyoinamia simu zao.

Na mara nyingi kengele yenyewe haina shida! Hapo ndo wengi hawajui. Kengele ni shaba iliyochanganywa na bati, shaba kama asilimia 78 hivi na bati 22, kitu kigumu balaa, kinakaa karne na karne. Kinachochakaa ni vile vilivyoizunguka, yaani boriti inayoibeba, beringi zinazoshika kutu, gurudumu la mbao linaloliwa na wadudu, kamba inayokatika, ulimi uliolegea ukawa unapiga pasipo pake. Afu watu wakisikia mlio mbovu wanasema kengele imezeeka, tununue nyingine. Hiyo ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu bawaba ya mlango inalia.

Hata ufa sio lazima uwe kifo. Ile Big Ben ya London (najua siyo ya kanisa, msinivamie) ilianza kupiga 1859 na mwaka huohuo ikapasuka, ikanyamaza kama miaka minne, na hawakuiyeyusha, waliigeuza kengele kidogo, nyundo ikapata mahali pazima pa kupiga, wakaweka na nyundo nyepesi zaidi, basi, mpaka leo tani 13 na ushee inapiga na ufa wake. Kengele za kanisa ujanja ni huohuo, ulimi ukigonga sehemu moja miaka mingi shaba inalika pale, fundi anaizungusha kengele robo duara ulimi ukutane na shaba ambayo haijaguswa. Na zilizopasuka vibaya zinachomelewa, ila na wanaojua, wanaipasha moto kengele nzima polepole kwanza. Ukimpa fundi wa mageti aichomelee hivohivo ya baridi, umejiongezea ufa wa pili.

Sasa nije kwenye kujitolea maana hapo ndo nina uchungu.

Tulipanda mnarani watu saba kuondoa mavi ya njiwa. Fundi alishasema hawezi kugusa kitu mpaka pawe safi, na vijana wake wakisafisha wao zile siku zinaingia kwenye bili. Basi tukavaa barakoa na glavu, tukalowanisha kwanza (usifagie makavu, lile vumbi linaua mapafu), tukachota kwa koleo magunia kumi na nane, tukayashusha moja moja kwa kamba. Kuna mahali mavi yalifika magotini, sitanii. Mwenzetu mmoja akaja na msasa anataka kuing'arisha kengele, fundi alivyomwona alipiga kelele nikadhani kuna mtu kaanguka. Ule ukijani juu ya shaba ndo ngozi yake, ukiuparua unakula kengele yenyewe na maandishi yake. Sponji, maji, mikono, inatosha. Mimi nikawa nafuta taratibu yale maandishi ya zamani, nikakuta herufi moja imekaa kichwa chini, miguu juu. Aliyeipanga kwenye kalibu aliiweka hivyo na hakuna aliyestuka mpaka shaba ikamiminwa. Nilicheka peke yangu kule juu.

Ila kunyanyua kengele hatukugusa. Kitu cha kilo mia tano hakina huruma, hapo ni winchi na watu wa kazi, na msimamizi yeyote anayewaambia waumini shikeni kamba tuishushe mkimbieni.

Ripoti ikaja kusomwa. Waliochangia: jina, kiasi, jina, kiasi. Sisi wa magunia hatupo popote, wala kwa mkupuo, na zile siku ambazo fundi alizifuta kwenye bili zimeandikwa tu "punguzo". Punguzo! Na sio kwamba naililia sifa, kuna mifuko ya ufadhili inayohesabu masaa ya kujitolea kama mchango wenu, ukiyaandika vizuri na daftari la mahudhurio unaweza kuyaombea hela nayo. Usipoandika umetupa hela.

Na hao mafundi hawaongezeki. Whitechapel, wale watengeneza kengele wa London walioimimina hiyo Big Ben, historia yao inaanzia 1570, na kiwanda chao pale kikafungwa 2017. Kwa hiyo kila mara mnapoamua kununua mpya kuliko kutengeneza ya zamani, yule anayejua kutengeneza anakosa kazi, na mwanawe ndo kabisa anaenda kusomea kitu kingine.

Kuna aliyependekeza tuweke spika na rekodi. Sitaki hata kubishana.

Mi ningependa tuuze kamba. Sio kuuza kuuza, namaanisha familia ichukue kamba moja, ikichakaa wananunua nyingine, jina lao libandikwe pale chini mpigaji anaposhika. Mwingine achukue beringi. Na yeyote anayetoa hela ya kengele mpya aambiwe mapema kwamba sehemu yake inawekwa kando kwa ajili ya ukaguzi wa kila mwaka, asipotaka akae na hela yake.

Kwa sasa hivi tunachosubiri ni wavu wa madirisha ya mnara, kitu kidogo mno, kimeahirishwa vikao viwili. Jumapili nilipanda kuangalia. Njiwa wanne wamesharudi.