Umri wa kuazima

Ikitajwa tu mbele za watu kwamba mashapo fulani ya bahari yana miaka milioni 34, hakosekani wa kudakia: "Eeh, walipima kaboni." Nimeshayasikia hayo kijiweni na hata kwa walimu, na kunyamaza nimechoka. Kaboni-14 hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Ikifika miaka 50,000 hivi, kilichobaki hakipimiki tena. Kuitafuta kwenye udongo wa miaka milioni 34 ni kukuta nta imekauka sakafuni ukaiuliza mshumaa uliwashwa saa ngapi.

Chukua udongo wa Kilwa. Miaka ya 2000, watafiti akiwemo Paul Pearson kutoka Uingereza walishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania kuchoronga Kilwa na Lindi. Walichotoa ni udongo wa mfinyanzi uliotuama chini ya bahari zamani hizo, na ndani yake foraminifera: viumbe wa seli moja wenye makombe madogo kama punje za mchanga. Unauosha udongo kwenye chekecheo laini, unakausha kinachobaki, unakitandaza chini ya hadubini, kisha unaokota kombe moja moja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Kazi ya shingo kuuma. Lakini makombe yenyewe! Sehemu nyingi za bahari kuu makombe ya umri huo yamejifuma upya kifuwele na kuwa meupe kama chaki. Ya Kilwa mfinyanzi uliyazuilia maji, yamebaki angavu kama kioo.

Hilo si suala la urembo. Oksijeni iliyomo kwenye kombe ndiyo inayosomwa kujua joto la maji. Kombe lililojifuma upya kwenye baridi ya sakafu ya bahari hubeba oksijeni ya huko chini, na kwa miaka mingi makombe ya aina hiyo yaliwafanya watu waamini kwamba bahari za tropiki zamani zilikuwa na ubaridi wa ajabu. Mwaka 2001 makombe mazima, ya Tanzania yakiwemo, yalionyesha nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi.

Sasa, oksijeni ina isotopu, yaani atomi za aina moja zinazotofautiana uzito: nyepesi, 16, na nzito, 18. Nyepesi huwahi kuwa mvuke, hivyo theluji huwa nayo kwa wingi. Barafu ya Antaktika ilipoanza kutanda, karibu miaka milioni 34 iliyopita, iliifungia hiyo 16 nchi kavu. Bahari ikabaki na 18 zaidi, na makombe nayo. Lakini namba hiyo, yaani kiwango cha 18, haisemi mwaka. Bahari inaweza kuipata leo, ikaipoteza, ikairudia baada ya miaka milioni tano. Hapa ndipo ninapogombana na vichwa vya habari vya "kombe lapimwa, umri wajulikana".

Mwaka unaazimwa. Kuna foraminifera aitwaye Hantkenina, mwenye miiba mirefu, ambaye kutoweka kwake ndiko kunakofunga kipindi cha historia ya dunia kiitwacho Eosini. Mpaka huo rasmi umewekwa Massignano, Italia, kwenye miamba yenye tabaka za majivu ya volkano, na madini ya majivu hayo ndiyo yenye mionzi inayohesabika kama saa. Leo mpaka huo unahesabiwa kuwa na miaka milioni 33.9. Hantkenina akitoweka Kilwa, unachukua namba ya huko.

Stronshiamu, metali iliyoyeyuka katika maji ya bahari na kuingia kwenye makombe, ina unafuu. Uwiano wa isotopu zake 87 na 86 katika maji ya bahari umekuwa ukipanda tu katika miaka milioni 40 hivi iliyopita, kutoka karibu 0.7078 hadi 0.7092, kwa hiyo kila namba ina nafasi moja tu katika wakati. Hata hivyo mchoro unaousomea umejengwa na sampuli ambazo umri wake ulipatikana kwa njia nyingine. Nayo inaazima, basi.

Mimi kuazima huku hakunisumbui. Kinachonikera ni kuazima huko kufichwa. Na Kilwa haikuazima bure. Mwaka 2008 Pearson na wenzake walichapisha mpangilio waliousoma kwenye udongo ule: oksijeni 18 inapanda kwa hatua mbili, na Hantkenina anatoweka katikati yake, baada ya ya kwanza, kabla ya ile kubwa ya barafu.