Mikrofaradi 220 za Ujuaji

Mzee jirani yangu ana amplifaya ya Dynaco Stereo 70 aliyorudi nayo kutoka Marekani akiwa bado kijana, na kwa miaka yote hiyo ameiendesha kwa transfoma ya kushusha umeme iliyojificha chini ya kabati la santuri. Wiki iliyopita alibisha hodi, nyuma yake mjukuu akihema kwa uzito wa mashine hiyo, na nilipokwisha kumwamkia akaniambia, "Mwanangu, fundi alinihakikishia kwamba ataiongezea besi. Sasa hata sauti yenyewe sina."

Niliipindua, nikafungua skrubu za bamba la chini, na hasira ikanipanda kabla sijashika mita. Kapasita ya kwanza, yaani kipande kinachohifadhi umeme, iliyo baada ya rektifaya na ambayo kiwandani ilikuwa na ujazo wa mikrofaradi 30, ilikuwa imekatwa nyaya zake, na pembeni pamebandikwa nyingine kwa gundi, ya mikrofaradi 220, nene kama betri ya tochi. Fyuzi nayo ilikuwa imezungushiwa waya wa shaba. Bila shaka ilikuwa ikikatika kila mara kwa kuwa ilikuwa ikitimiza wajibu wake, na fundi wetu akaamua kwamba mkosaji ni fyuzi.

Sipingi mtu kufungua amplifaya yake nyumbani. Ningekuwa kichekesho, kwani Dynaco walipoitoa mashine hii mwaka 1959 waliiuza pia ikiwa vipande ndani ya boksi, pamoja na kitabu cha maelekezo, ili mnunuzi ailehemu mwenyewe mezani kwake. Ninachopinga ni mtu kubadilisha kitu ambacho hajakipima, na ambacho hajajiuliza kwa nini aliyekichora alikiweka hapo kwa kiasi kile.

Chukueni hiyo kapasita. Valvu ya GZ34, ndiyo rektifaya yenyewe, taa ya kioo inayogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyofu, haimimini umeme mfululizo kama bomba. Huijaza kapasita ya kwanza kwa mapigo mafupi, kila wimbi linapofika kileleni. Kadiri kapasita inavyokuwa kubwa, ndivyo mapigo hayo yanavyokuwa mafupi na makali zaidi, na kuna kiwango ambacho valvu haiwezi kukistahimili. Waliotengeneza GZ34 walikiandika wazi kwamba kapasita hiyo isizidi mikrofaradi 60. Fundi akaweka 220, kwa imani kwamba kikubwa ni bora, kana kwamba anachagua sufuria ya pilau. Cheche zikaruka ndani ya kioo, fyuzi ikakatika, waya wa shaba ukafungwa, na safari iliyofuata valvu ikafa kabisa. Nashukuru kwamba transfoma ya ndani ya amplifaya ilipona, maana hiyo ndiyo roho ya mashine, na kuisuka upya si kazi ya jioni moja.

Nakiri, shingo upande, kwamba wabunifu nao hawakuwa malaika. Valvu nne za EL34, zile zinazosukuma spika, zimegawanywa jozi mbili, na kila jozi ina rezista (kipande kinachozuia mkondo) moja tu ya kupimia, ya omu 15.6, ambapo kitabu kinaagiza usome volti 1.56, yaani miliampea 100 kwa valvu mbili kwa pamoja. Unasoma 1.56, unamshukuru Mungu, unafunga kifuniko, kumbe moja inavuta miliampea 70 na mwenzake 30. Kwa volti zipatazo 415, hiyo ya 70 inabeba wati 29 ilhali anodi yake, bamba linalopokea mkondo ndani ya kioo, iliundwa kwa wati 25, na haipiti muda bamba lake linawiva jekundu kama kaa la moto. Kuipa kila valvu rezista yake ya omu 10 na rekebisho lake, kisha kuzisoma moja moja hadi kila moja ionyeshe nusu volti, ni badiliko la gharama ndogo ambalo halimvutii yeyote kwa sababu halionekani kwenye picha. Kubuni upya saketi ya mbele, inayopokea sauti kabla ya EL34, kwa kuwa valvu zake za 7199 zimekuwa adimu na ghali, hilo pia lina mantiki. Wanaonunua kapasita za kupitishia sauti kwa bei ya mbuzi mzima, hao wasinihusishe.

Kabla ya yote hayo, nilichomoa waya ukutani, nikamwaga umeme uliobaki kwa rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 iliyovikwa mpira, nikapima mpaka mita ikasoma karibu na sifuri, na mkono wa kushoto nikauweka mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Wapo wanaogusisha bisibisi ili waone cheche, kisha wanajiita wazoefu. Volti 400 hazina habari na uzoefu wa mtu.

Nilirudisha mikrofaradi 30, nikaweka fyuzi halisi na GZ34 nyingine, nikatenganisha rezista za kupimia, kisha nikaipeleka mwenyewe kwa mzee. Sauti ikatoka safi, lakini akakunja uso. "Na besi?" Nikainama nyuma ya spika zake. Ile ya kushoto ilikuwa imeunganishwa nyaya kinyume, nyekundu kwenye nyeusi, hivyo koni moja ilisukuma wakati mwenzake inavuta, na besi zote zikafutana katikati ya sebule. Niligeuza nyaya mbili. Mzee akakaa kimya kitambo, kisha akaniuliza alimlipa fundi kwa kazi gani hasa.