Nusu Maili ya Kilimanjaro: irudi vijijini au ibaki hifadhini?

Kiangazi kikikaza tu Moshi ule ubishi unaanza upya. Mmoja anarusha picha ya kilele cha Kibo kimebaki mwamba anasema msitu umekwisha, mwingine anamjibu KINAPA, yaani hifadhi ya taifa ya Kilimanjaro, walitunyang'anya Nusu Maili ndo maana, wa tatu anasema acheni hizo, Wachaga wenyewe ndo wamefyeka. Mi naona wote watatu wameshika kipande cha ukweli, ila kila mmoja anaongelea sehemu yake ya mlima, na mlima huu haujabadilika kwa namna moja kuanzia chini hadi juu.

Kwa wasioijua Nusu Maili: Wajerumani na baadaye Waingereza waliufanya msitu wa Kilimanjaro kuwa hifadhi ya serikali, na watu ambao kuni, majani ya ng'ombe, nguzo na dawa zao zote zilikuwa zinatoka huko juu wakajikuta wanaitwa wezi. 1941 ikatengwa kanda ya upana wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu, wananchi wapate mahitaji yao humo na msitu wa ndani uachwe, msimamizi akiwa baraza la Wachaga wenyewe. Baada ya uhuru mamlaka yakaanza kuhamahama, mara halmashauri, mara serikali kuu, mara halmashauri tena, mpaka 2005 msitu mzima pamoja na hiyo kanda vikaingizwa kwenye hifadhi ya taifa. Hifadhi hiyo ya taifa ilipoanzishwa 1973 ilikuwa huko juu tu kwenye nyika na mawe, kama kilomita za mraba 750 hivi, sasa ni zaidi ya 1,600.

Sasa wanaoitetea KINAPA hawatoi hoja hewani. Marufuku ya kuvuna miti ya asili ilikuwepo tangu 1984, na bado msitu ulipokaguliwa kwa ndege 2001 kilichoonekana ni mikamfa iliyoangushwa, matanuri ya mkaa, hadi mashamba katikati ya msitu. Na Nusu Maili yenyewe wakati huo ilikuwa mikononi mwa halmashauri, kwa hiyo anayesema "irudi ilikokuwa" ajibu kwanza ilikuwaje ikafika pale. Vibali vilikuwa vinatoka, na aliyekuwa na gari la kubebea mbao alikuwa anapata kuliko mama wa kijijini mwenye kamba na panga. Askari wa hifadhi walipoingia, ukataji mkubwa ule ulishuka, hili hata anayewachukia analiona.

Ila upande wa pili nao usikilizwe vizuri maana huwa unadharauliwa kwamba ni wa watu wasioelewa mazingira. Mkoa wa Kilimanjaro 1967 ulikuwa na watu kama 650,000, sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya 1,800,000, na wengi wamebanana kwenye kanda ileile ya mgomba. Ng'ombe anafugwa bandani, majani anabebewa kichwani, na ukifunga msitu leo ng'ombe haachi kula kesho. Kina mama wakaja kuruhusiwa kuingia kwa utaratibu kuokota kuni kavu na kukata majani, lakini ruhusa ya kuingia na haki ya kusimamia ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwanakijiji aliyekuwa anaiona kanda ile ni yake alikuwa na sababu ya kuuliza chenso inalia usiku ni ya nani, leo akiisikia anajua hiyo ni kazi ya askari, na yeye akikutwa karibu anaweza kuunganishwa kwenye kesi.

Halafu kuna sehemu ambayo huu ubishi haufiki kabisa, nayo ni juu. Mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa miaka mingi na sababu kubwa ni moto. Oktoba 2020 mnaikumbuka, moto ulianzia Whona, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, pale wageni wanapopumzika, ukala kilomita za mraba 95 na ushee, na waliopanda kuuzima walikuwa mamia wakiwemo watu wa vijiji hivihivi. Pale hakuna mkulima wala ng'ombe. Miti ile ya juu ndo inakamata ukungu na kuugeuza maji, kwa hiyo ikiungua hasara inakuja hadi mfereji wa mtu wa Kirua huku chini. Wanaolia na theluji tu wanakosea kidogo, barafu ya Kibo mchango wake kwenye mito ni mdogo sana, maji yetu mengi ni ya mvua na ukungu wa msitu, hayo ndo yanashuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu.

Turudi chini kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba za Wachaga, maana kwangu kesi kubwa iko hapa. Kihamba cha zamani kilikuwa ghorofa: mringaringa na mruka juu, mgomba chini yake, kahawa, halafu magimbi na majani. Kwenye picha za setilaiti kinafanana na msitu kiasi kwamba ramani nyingine zinakihesabu hivyo, wakati huohuo kule Rongai mpaina wa kupandwa ukivunwa unaonekana kama msitu umeangamizwa kumbe ni zao limefika umri. Sasa kahawa iliposhuka bei baada ya 1989 ile miti ya kivuli ikakosa kazi. Kihamba kikagawanywa kwa vijana wanne, kila mmoja anajenga nyumba ya bloku ya kufikia Krismasi, mringaringa wa babu unageuka mbao za kenchi, unapandwa mgrivilea mmojammoja mpakani. Hakuna askari anayelinda huku, hakuna mtalii anayelipia, na hakuna anayepiga picha. Na kadiri kihamba kinavyokuwa kitupu ndivyo mama anavyopandisha kule Nusu Maili kutafuta kuni ambazo zamani alizipata nyuma ya jiko.

Kwa hiyo msimamo wangu, msitu wa ndani ubaki KINAPA, sina shida na hilo. Nusu Maili irudi kwa vijiji, narudia vijiji sio halmashauri, kwa mkataba wa usimamizi wa pamoja ambao Sheria ya Misitu ya 2002 inauruhusu, ila kwanza kipande hicho kitolewe kwenye hifadhi ya taifa, maana ndani ya hifadhi ya taifa mkataba wa namna hiyo haushiki. Kijiji kikishindwa kinyang'anywe, sawa. Lakini hata hiyo Nusu Maili ikirudi yote leo haitoshi kuni za watu wote hawa, hesabu inakataa. Na masharti ya kibali cha kukata mti uliopanda mwenyewe kihambani yalegezwe, maana mtu akishajua mringaringa utamletea maswali ofisini hapandi, anapanda kitu cha miaka michache anauza anamaliza. Kilimanjaro ni kati ya hifadhi zinazoiingizia TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pesa nyingi zaidi nchini, miche ya mringaringa kwa vijiji vinavyopakana na msitu haiwezi kuwashinda.